Ngozi ndiyo ya mwisho kusema

Bibi yangu alipigwa na kiharusi uani kwake hapa Wete, Pemba, katikati ya msimu wa karafuu, akiwa amekaa jamvini anachambua. Mkono wa kulia uliendelea na kazi yake ya kutenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake. Wa kushoto ulidondoka juu ya paja na haukunyanyuka tena. Mwenyewe alisema umekufa ganzi kwa kukaa sana, na sisi tukamwamini, tukampa chai. Mpaka inaadhiniwa magharibi, mdomo ulishakwenda upande. (Nakuomba usifanye kama sisi. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, tafuta gari hapo hapo. Chai mtakunywa hospitali.)

Lakini sikukaa kuandika habari ya kiharusi. Naandika habari ya kidonda kilichokuja baada yake, ambacho kilikuwa kosa letu, na zaidi kosa langu, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Nafundisha baiolojia sekondari. Mchoro wa ngozi nauchora ubaoni kila mwaka bila kutazama kitabu: tabaka la juu, la kati, mafuta chini, unywele umesimama kama mnazi, tezi ya jasho imejikunja kama utumbo. Chini ya mafuta huwa napiga mstari, naandika "misuli", tunafunga daftari. Kidonda cha bibi kilianzia chini ya ule mstari.

Tulimrudisha nyumbani baada ya siku tisa. Upande wa kushoto wote umelala, kusema anasema vizuri, akili timamu na amri zake zile zile. Tulimlaza chali kwenye godoro la sponji lililokwishabonyea katikati, tukampandisha kichwa kwa mito mingi ili aone wageni. Siku ya sita hivi mama alikuwa akimsafisha, akaniita nione. Juu kidogo ya kifandugu, pale mfupa unapojitokeza, palikuwa na alama ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, imeiva kizambarau kama embe lililoanguka. Ngozi ilikuwa nzima, haijachubuka. Nikagusa: pagumu, tena pana joto. Nikasema, "Ni kulala tu, damu imekaa. Tumsugue itembee."

Tukamsugua. Tena kwa mafuta ya makonyo, maana Mpemba gani atakosa kichupa ndani? Siku ya tatu ngozi ikavuka kama utando wa maziwa. Baada ya wiki pakawa na shimo. Muuguzi aliyekuja kututazama aliingiza kijiti safi cha pamba pembeni mwa lile shimo, kikazama chini ya ngozi ambayo kwa juu ilionekana haina neno. "Mlango mdogo, chumba kikubwa," alisema. "Hiki hakikuanzia juu."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Baadaye nilimwelewa hivi. Mtu akilala, nyama yake inabanwa baina ya mfupa na godoro. Chukua nazi iliyokunwa uikamue kiganjani: tui linatoka, na maadamu umefumba ngumi halirudi. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mishipa midogo ikibanwa, hakuna oksijeni inayofika wala taka zinazoondoka. Sasa, mbano ni mkali zaidi karibu na mfupa, na aliyekaa karibu na mfupa ni msuli. Tena msuli ndiye mlaji mkubwa wa oksijeni, hawezi kufunga muda mrefu. Ngozi ni mvumilivu. Kwa hiyo msuli hufa kwanza, mafuta yanafuata, na ngozi inabaki juu imetulia kama pazia la dirisha huku ndani nyumba inaungua. Siku ngozi inapotoboka, habari ni ya zamani.

Na kile kusugua kwangu? Mishipa iliyokwishaumia huwezi kuichua ukaiponya, unaichana. Alama iliyopiga weusi au wekundu juu ya mfupa usiisugue kwa kitu chochote, hata kwa mafuta ya nazi. Mafuta ya karafuu yana balaa lake la ziada: ile yujenoli, kemikali iliyomo ndani yake inayotia ganzi jino, huunguza ngozi ikiwa haikuzimuliwa, seuze ngozi ya mwanamke wa miaka 81. Kiwanda cha makonyo kiko Wawi, mafuta yake ni fahari yetu, lakini si ya kupaka mbichi mgongoni kwa mzee.

Mimi na wewe tuko salama kwa sababu tunajigeuza usiku mara kadha wa kadha bila kuamka. Nyama inalalamika, mishipa ya fahamu inapeleka habari, ubongo unatoa amri, unageuka. Bibi upande wa kushoto malalamiko hayakuwa yakifika, na hata yangefika, mwili usingegeuka. Ikabidi sisi tuwe ule ubongo.

Tukapanga saa za shufwa: saa mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili, mchana na usiku. Mpango wa kila saa mbili ndio wanaoufundisha hospitali, na kwa saa zetu za Kiswahili ni rahisi kuukumbuka hata ukiwa na usingizi. Saa nne na saa sita za usiku zangu, saa nane ya khaloo (ndugu yake mama), saa kumi ya mama kwa kuwa anaamka kwa ajili ya alfajiri hata hivyo. Tulipiga mistari kwenye karatasi ukutani: chali, kulia, kushoto. Bila karatasi mtaanza kudanganyana, na kila mtu ataapa kwamba mwenzake ndiye aliyesahau.

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu. Makka na Pemba ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na kitu mashariki, kwa hiyo kibla kwetu ni kaskazini barabara. Kitanda chake kichwa kiko mashariki. Akilalia ubavu wa kulia anaelekea kibla. Wa kushoto anakipa mgongo. Kushoto akakataa katakata.

"Mtanizika nimegeuka nini?"

"Bibi, hujafa."

"Basi nisife nimeelekea Makunduchi!"

Makunduchi ni kusini, huko Unguja. Hapakuwa na baiolojia ya kujibu hilo. Khaloo alimwita sheikh wa msikiti wa mtaani, akamweleza kwamba mgonjwa husali anavyoweza, na nje ya sala hana lawama ya kulala alivyo. Tukapatana: nyakati za sala tumweke kulia, baina yake aende tunakotaka sisi. Upande wa kushoto tukimpa muda mfupi zaidi, na bega tunalivuta mbele kidogo asije akalalia kiungo chenyewe.

Kumgeuza si kumsimamisha ubavu kama samaki kwenye sinia. Ukimlaza ubavu kabisa, uzito wote unaukalia mfupa wa nyonga na unaanzisha kidonda kipya huko. Mwinamishe nyuzi 30 tu, mto nyuma ya mgongo mpaka chini ya tako, mto mwingine baina ya magoti yasigusane. Visigino viwe hewani: mto chini ya vigimbi, kisigino kisiguse kitu. Kisigino hakina nyama pale nyuma, ni ngozi na mfupa, na cha kushoto cha bibi kilianza kuwa laini kama tunda bovu kabla hatujashtuka. Hicho tulikiwahi.

Kosa jingine lilikuwa ile mito ya kichwani. Kichwa kikipanda sana, mwili unateleza kuelekea miguuni. Mfupa unashuka lakini ngozi imeng'ang'ania shuka. Ndani huko tabaka zinavutana na mishipa inapindana. Halafu sisi tukija tunamkamata kwapani tunamburura kumrudisha juu, mara kumi kwa siku. Hapa ndipo ule mchoro wangu wa ubaoni ungenisaidia kama ningeufikiri. Tabaka la juu na la kati limeshikana kwa vilima na mabonde, moja limeingia ndani ya jingine kama vidole vilivyofumbatana. Umri ukienda vile vilima vinasawazika, mshiko unapungua, na mafuta ya chini nayo yanakonda. Ndiyo maana mzee ukimkamata mkono kwa nguvu ngozi inachanika, wakati kijana asingeona hata alama. Dawa yake kwetu ilikuwa kanga. Tulimtandikia kanga mbili zilizoshonwa pamoja, kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, tunakunja pindo, tunasema "bismillahi," tunamnyanyua mzima mzima. Pasipo kunyanyuka hapana kusogea.

Nije kwenye rangi, kwa sababu hapa nina ugomvi na vitabu. Karibu vyote vinakwambia utazame wekundu, kisha ubonyeze uone kama panakuwa peupe. Hayo yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, idadi yake haiachani sana baina ya mtu mweupe na mweusi. Tofauti ni kiasi cha rangi zinachotoa na namna inavyosambazwa. Kwetu rangi hiyo inalikinga jua, ni neema, lakini inafunika damu iliyo chini. Ukingoja wekundu kwa bibi yangu utangoja mpaka liwe shimo. Tazama kwa kulinganisha: pale mahali na ngozi ya jirani yake, kushoto na kulia. Je, pameiva zaidi, pamepiga zambarau, pamekuwa na mng'aro? Kisha tumia mgongo wa mkono wako, ndio unaosikia joto vizuri. Pakiwa pa moto au pa baridi kuliko jirani, pagumu au pamekuwa tepetepe kama unga uliorowa, basi hapo mtu asilale tena mpaka parudi sawa. Fanya hivyo kila ukimwogesha, na usiache kisogo, masikio, viwiko, mabapa ya mabega na vifundo vya miguu. Dakika tatu hazifiki.

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alituletea tyubu ya Vespa ikiwa imetiwa upepo, bibi akalie katikati kidonda kisiguse. Nilishukuru na nikaitumia siku mbili. Ile duara inabana pande zote na kuizuia damu isifike katikati, nyama iliyoko ndani inavimba na kuning'inia. Muuguzi aliiona, akaitoa bila maneno akampa mtoto wa jirani akaogelee nayo. Tulinunua godoro jipya zito, basi, na kila akikaa kwenye kiti tunamwegemeza huku na huku kila robo saa.

Kuhusu unyevu nitasema kwa ufupi. Mkojo na jasho huilainisha ngozi kama vidole vya mfuaji nguo, na ngozi iliyolowa huchubuka kwa mguso tu. Ngozi kwa asili ina uchachu kidogo unaosaidia kuzuia vijidudu. Sabuni ya mche inauondoa. Maji ya uvuguvugu yanatosha mara nyingi. Kausha kwa kugusagusa, usifute kwa nguvu, kisha paka mafuta ya mgando mepesi. Poda acha, inaganda kwenye mikunjo.

Kidonda chenyewe sisi tulikiachia hospitali, na ushauri wangu ni huo huo. Kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kufunikwa, kubadilishwa kwa ratiba. Watu walikuja na majivu, spiriti, asali ya dukani na unga wa vidonge. Tulipokea, tukaweka kabatini. Ukiona homa, harufu mbaya, usaha, nyama nyeusi au mfupa, usiulizane na mtu, nenda. Dalili njema ni nyama nyekundu yenye chembe chembe inayopanda kutoka chini, kama ndani ya komamanga. Cha bibi kilichukua miezi mitano. Tabaka la juu la ngozi kwa mtu mzima hujibadilisha kwa karibu mwezi mmoja, kwa mzee huchukua zaidi, na shimo la kina halitengenezewi msuli mpya, linajazwa kovu. Kovu hata likikomaa halifiki nguvu ya ngozi ya mwanzo. Mwisho wake kama asilimia 80. Kwa hiyo pale mahali tunapaogopa mpaka leo.

Yote haya hujengwa kwa protini, na bibi alikuwa hataki ila muhogo wa tui. Tukawa tunamvunjia samaki ndani yake, asubuhi yai, jioni kunde au choroko. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari amuulize daktari wake kwanza.

Sasa misuli, maana kidonda kilipoanza kufunga tuligundua kwamba tulikuwa tumemlinda bibi ngozi na kumwachia mengine yaoze. Mwezi wa pili nilimpima mapaja kwa utepe wa fundi cherehani. La kushoto lilikuwa limekonda, hilo nilitegemea. Kilichonishtua ni la kulia, lile zima: nalo limenywea. Kulala peke yake kunatosha kuula msuli, na unaoliwa mwanzo ni wa miguu, ambao kazi yake ya kila siku ni kumbeba mtu asianguke. Hata mtu asiyeugua, kuanzia miaka 30 hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi. Mtu wa miaka 81 hana akiba ya kuchezea. Kwa hiyo fanyisheni kazi upande ulio mzima pia: anyanyue tako kwa mguu wa kulia mnapobadilisha shuka, akae ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu, ajivute mwenyewe kwa kamba.

Msuli una kazi moja tu, kuvuta. Kusukuma haujui. Ndiyo maana inakuwa kwa jozi: mmoja unakunja kiwiko, wa nyuma yake unakinyoosha, ukikaza huu ule unalegea. Baada ya kiharusi mwanzoni yote inalegea, baadaye amri zinavurugika na kwenye mkono wale wanaokunja hushinda. Vidole vya bibi vikafumba. Tulikuwa tukitaka kumkata kucha tunavifumbua kimoja kimoja kwa nguvu, yeye analia, sisi tunatoka jasho. Kiganjani ndani mlikuwa na harufu na ngozi imeanza kuoza kwa jasho.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua. Shika kigasha chako kwa mkono mwingine, karibu na kiwiko, halafu chezesha vidole kama unayesuka ukili. Unasikia kinachotembea? Misuli mikuu inayofumba vidole iko huko juu. Vidoleni zinafika kano tu, kamba ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Basi ukikunja kifundo kuelekea kiganjani kamba zinalegea, na vidole vinafunguka karibu vyenyewe. Jaribu sasa hivi kwa mkono wako. Tangu siku ile hatukumvunja tena bibi vidole: tunakunja kifundo, tunafungua, tunaosha, tunakausha, tunaweka kitambaa kilichoviringishwa. Kisha polepole tunanyoosha kifundo huku vidole viko wazi, tunashika kwa kuhesabu mpaka thelathini. Asubuhi na jioni. Mguu nao, shika kisigino, sukuma wayo uelekee usoni kwake, la sivyo kano ya nyuma inafupika na siku ya kusimama atasimama kwa ncha za vidole.

Bega nalo lichungwe kwa wageni. Kiungo cha bega ni mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kidogo, na kinachouzuia usidondoke kwa sehemu kubwa ni misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unaanza kuuvuta chini. Sasa kila mgeni anayeingia anaudaka ule mkono anaubusu na kuutikisa, mwingine anamkamata ili amsaidie kukaa. Niliacha kuona haya. Nikawa nakaa upande wa kushoto wa kitanda, wageni wanaingilia kulia. Wapo walionuna.

Mwaka wa pili kidole gumba na shahada vya kushoto vilianza kubana kidogo, kama koleo iliyoregea. Daktari alifurahi, bibi hakuona cha kufurahia mpaka alipomwambia khaloo amletee miyaa. Ncha ya ukili anaibana kwa vile vidole viwili, mkono wa kulia unasuka, baada ya kila mikunjo michache anapumzika na kulalamika kwamba miyaa ya siku hizi haikuanikwa vizuri. Mwezi uliopita alimaliza pima nne. Zamani ilikuwa kazi ya siku moja.